Zizi la Kungojea

Mvua za mwaka ule zilipoanza, watu wa Garissa walifurahi kwa juma moja, kisha wakajuta kwa msimu mzima. Waliokuwa wameiomba mvua kwa mikono miwili walianza kuiomba ipungue kwa mkono mmoja, maana mkono wa pili ulikuwa na kazi ya kuua mbu. Mto Tana ulifura, ukapanda kingo zake, ukayameza mashamba ya ndizi na kuingia katika nyumba za watu kama mgeni asiye na nia ya kuaga. Upande wa Ijara, mbuga zilizozoea vumbi ziligeuka madimbwi, na mifugo ikawa inakula nyasi huku miguu imezama majini. Mjini, makorongo waliendelea kukaa juu ya miti yao, vichwa vipara, wakitazama chini kama wanakamati wanaosubiri posho.

Pamoja na hayo yote, soko la mbuzi na kondoo halikufungwa, na aliyelizuia lisifungwe alikuwa Mzee Warfa.

Warfa alikuwa dalali wa mifugo, tena mwenyekiti wa madalali wa soko lile. Dalali wa mifugo wa Garissa si mtu wa kupayuka mnadani. Yeye husimama kati ya mwenye kuuza na mwenye kununua, akatia mkono wake chini ya shali, akashikana mkono na huyu, kisha na yule, na bei ikasemwa kwa vidole pasipo mtu wa tatu kujua kitu. Anayebonyeza amesema, anayevuta mkono amekataa, na anayefumba kiganja amekubali. Mapatano yakishafungwa, dalali ndiye mdhamini. Mnyama akidhihirika kuwa wa wizi au mgonjwa, mlango utakaobishwa ni wa dalali. Kwa sababu hiyo, dalali mzuri haulizi bei ya kondoo peke yake. Huuliza amekunywa maji ya kisima gani, na aliyemchunga ni mtoto wa nani.

Mvua zilipozidi, daktari wa mifugo, mwanamke kijana aitwaye Ruweyda, alimwendea Warfa akiwa na habari isiyotamkika kwa furaha. Wakubwa wake walitaka soko lote lifungwe. Mvua kubwa na mbu wengi huleta homa ya Bonde la Ufa, ambayo wafugaji wa huku huiita sandik, kwa kuwa mnyama hutokwa damu puani. Homa hiyo huharibu mimba za kondoo kundi zima kwa pigo moja, tena humpata na binadamu, hasa achinjaye. Ruweyda, hata hivyo, alikuwa mtoto wa mfugaji, na alijua kwamba soko likifungwa, kuna vyungu ambavyo havitapanda motoni. Akamwomba Warfa watafute njia ya katikati.

Wakaipata. Soko likaachwa wazi, ila likapewa bawabu. Wanyama kutoka nchi kavu, kama vile Eldas, wangepita kwa dhamana ya dalali mkongwe anayemjua mfugaji. Wanyama kutoka nchi ya mafuriko wangeingia kwanza katika zizi lililojengwa kwa miiba kando ya soko, wakae humo hadi Ruweyda aridhike nao. Na kwa muda wote huo, hakuna ambaye angechinja nyumbani. Kila mnyama angechinjwa machinjioni mbele ya mkaguzi. Watu wakaliita boma lile zizi la kungojea.

Kanuni ile haikumfurahisha mtu hata mmoja, na pengine hiyo ndiyo dalili ya kanuni iliyo sawa. Wauzaji walinung'unika kwamba kondoo wao wanakonda wakingoja. Wanunuzi walinung'unika kwamba magari yao yanalala. Wakubwa wa Ruweyda walinung'unika kwamba kamba imelegezwa mno. Lakini watu walikula, na hakuna aliyeugua.

Hakuna, ila wale waliokuwa wakiugua tangu zamani ugonjwa usiopimwa na daktari yeyote: ukosefu wa kazi.

Miongoni mwao alikuwa Abdihafid, mwana wa pekee wa kiume wa Warfa na mkewe Sagal. Kijana yule alikuwa amesomea uchumi Nairobi, akarudi na shahada yenye herufi za dhahabu. Sagal aliitundika ukutani sebuleni, ikitazamana na mlango, na hata wageni wasiojua kusoma waliisifu kwa jinsi inavyong'aa. Miaka ilipita, shahada ikaendelea kung'aa, na mwenyewe akaendelea kufifia. Aliomba kazi katika ofisi zote zenye mlango. Aliendesha tuktuk ya binamu yake mpaka binamu akaiuza. Baada ya hapo akawa anakaa na wenzake mbele ya kioski kimoja cha mtaa wa Galbet, vijana waliojua habari za dunia nzima isipokuwa habari ya chakula chao cha mchana.

Kabla ya mvua, baadhi yao walikuwa wameanza kujiokotea riziki pembezoni mwa soko kwa kuunganisha muuzaji huyu na mnunuzi yule. Kanuni mpya iliwafukuza, maana ni wazee tu waliowajua wafugaji kiasi cha kuwadhamini. Abdihafid, ambaye ulimi wake haukuwahi kukosa kazi, akawa msemaji wao. Nyumbani, wakati wa mlo, alimchokoza baba yake bila huruma. Alisema kwamba wazee wale ni serikali isiyo na uchaguzi. Alisema kwamba soko ni kama mto, likizibwa hunuka, na likiachwa litajisafisha lenyewe. Mnunuzi ana macho yake, na mwenye kuuza mnyama mbovu leo atakimbiwa kesho. Kuhusu ile miiba ya zizi, alisema inalinda matumbo ya wazee kuliko afya za kondoo.

"Mwanangu," Warfa alimjibu siku moja, "mnunuzi ana macho, lakini ugonjwa hauna pembe za kuonekana."

"Njaa nayo haina pembe, Aabe," Abdihafid akasema, "na kila siku inatudunga."

Sagal akacheka, kisha akajuta kucheka. Warfa aliendelea kutafuna wali uliokwisha kulainika mdomoni. Maneno yale yalikuwa na ukweli wake. Alijua kwamba baadhi ya madalali wenzake, walipoona wamebaki peke yao, waliongeza ujira wao pasipo haya.

Akampelekea Ruweyda lalamiko la vijana, na Ruweyda hakulidharau. Alishauri kwamba kila kijana asimame nyuma ya dalali mkongwe mmoja kwa msimu ule, awajue wafugaji na visima vyao, halafu apewe ruhusa ya kudhamini mwenyewe. Wazee waliguna wakisema hawakuomba watoto wa kulea. Vijana walikataa katakata. Abdihafid aliuliza mbele ya watu kama uchumi aliousomea ulikuwa wa kumfundisha kushika kamba ya mbuzi wa mtu mwingine, na wenzake wakamshangilia. Shauri likafia hapo, na kila mmoja akarudi kivulini mwake.

Alasiri moja, Warfa alirudi kutoka msikitini akamkuta Sagal ameketi kwenye kizingiti cha jiko, makaa yamezimika, chai haijapikwa. Kwa sauti ya chini alimweleza kwamba amemsikia Abdihafid akizungumza kwa simu na watu wa tahriib, wale wanaowavusha vijana Sudan kwenda Libya na kuwapakia kwenye mashua kama magunia. Mtoto wa jirani yao alikuwa ameifuata njia ile. Kwanza ilikuja sauti yake kwenye simu, ikilia na kuomba. Kisha haikuja sauti yoyote.

Kutoka chumbani walimsikia Abdihafid. Alikuwa amelala kifudifudi, uso ndani ya mto, akilia. Warfa alikuwa ameona ukame ukimaliza ngamia wake wote na asitoe chozi, lakini kilio cha mwanamume mwenye ndevu kilimwingia mifupani kama baridi ya alfajiri.

"Mfungulie, Warfa," Sagal alisema. Machozi yake nayo yalikuwa yakimtiririka. "Wewe ndiwe mwenye ufunguo."

"Ufunguo si wangu peke yangu, Sagal."

"Akishafukiwa na mchanga wa Libya, hilo soko utamlindia nani?"

Warfa akachagua njia ya mkato. Siku ya mnada iliyofuata aliwaita vijana, akawaambia kwamba tangu siku ile wako huru kufanya udalali wao bila kusimama nyuma ya mzee yeyote. Mnyama atakayeletwa na kijana hatalazimika kuingia katika zizi la kungojea, mradi kijana mwenyewe aseme ni mzima. Ruweyda hakuulizwa. Alikuwa ameondoka kwenda Ijara, kutazama malisho yaliyozama.

Soko lilichangamka kama nyumba ya harusi. Wauzaji waliokuwa wamechoka kungoja walimiminika, bei ikapata uhai, malori yakapanga foleni. Vijana wa kioski walionekana na viatu vipya, wakawa wanatembea kwa kujiangalia miguu. Abdihafid alirudi nyumbani kila jioni akiwa na sukari ya mama yake mkono mmoja na mzaha mkono wa pili, akamwuliza baba yake kama mto haukujisafisha. Ile simu ya watu wa tahriib haikulia tena. Warfa alianza kuamini kwamba huenda mwanawe ndiye aliyekuwa sahihi, na kwamba uzee humfanya mtu aone fisi katika kila kichaka.

Ruweyda aliporudi alikuta zizi tupu, mlango wake wa miiba umevutwa kando. Hakupaza sauti. Alimfuata Warfa hadi kwenye banda la chai.

"Adeer," alimwambia kwa heshima ya mtu anayezungumza na ami yake, "nilikuomba uulinde mlango. Sikukuomba uung'oe."

"Vijana wanakula, Ruweyda."

"Wanakula leo."

Akaenda kuwaarifu wakubwa wake. Lakini taarifa ya ofisini hutembea kwa magongo, na kabla haijafika, siku nyingine ya mnada ilifika.

Siku hiyo alikuja mfugaji kutoka upande wa Ijara, mwanamume mwembamba aitwaye Kulow, akiswaga kundi zuri la kondoo wa kichwa cheusi. Mnunuzi alikuwa mtu wa Nairobi mwenye lori lake mwenyewe. Abdihafid ndiye aliyewakutanisha, na kwa dalali mchanga lile lilikuwa windo la kifaru. Mtu wa Nairobi aliwazunguka kondoo wale, akauliza kama wana kasoro yoyote.

"Hii kondoo iko sawa sawa," Kulow akamwambia kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Wewe leta besa tu, nenda nayo."

Ugumu ulikuwa mahali pengine. Kulow alikataa kutia mkono wake chini ya shali pamoja na mkono wa kijana. Alisema mkono ule bado unanuka vitabu. Alimtaka Warfa. Basi Abdihafid akamkimbilia baba yake, jasho na kicheko vimechanganyika usoni, akamwambia, "Toa mkono tu, Aabe. Mengine yote niachie mimi."

Warfa akaja. Akaweka shali, akautia mkono, akaushika mkono wa Kulow.

Mkono ule ulikuwa wa moto kama jiwe la mafiga. Warfa alikuwa ameshika mikono ya wafugaji tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Alijua mkono wa mwongo na mkono wa mwenye shida, na sasa alijua kwamba ameshika mkono wa mgonjwa. Akabonyeza bei ya kwanza, bei ya chini kabisa, ile ya kuanzia mchezo ambayo hakuna mfugaji aliyewahi kuikubali. Kulow akafumba kiganja. Amekubali. Mfugaji huachana na kondoo wake kama anayeng'olewa jino; huyu alikuwa anawasukuma wamwondokee.

Warfa alimwinulia macho. Macho ya Kulow yalikuwa mekundu. Akamwuliza polepole, kwa Kisomali, ili mnunuzi asielewe, "Kuna walioharibu mimba?"

Kulow akatazama makubadhi yake. "Mimba huharibika kila mwaka, Warfa."

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema neno moja: zizini. Warfa alikuwa nalo ulimini. Akajiambia kwamba huenda ni malaria. Msimu kama ule, nani asiye na homa? Lakini ndani yake hakujiamini. Akageuza uso, akamwona Abdihafid. Uso wa kijana ulikuwa umefunguka, wenzake wamejipanga nyuma yake wakingoja kusherehekea, na kwa mara ya kwanza tangu ile shahada itundikwe ukutani alikuwa mtu kati ya watu. Warfa aliyajua yatakayofuata iwapo angetamka lile neno. Aliona ule uso ukifungika. Alisikia kilio ndani ya mto. Aliona mchanga wa Libya.

Akafumba kiganja. Biashara ikaisha, vijana wakapiga makofi, na kondoo wakaanza kupakiwa.

Kulow, kwa shukrani au kwa kutaka kupungukiwa na mzigo, alimwachia Abdihafid kondoo mmoja juu ya ujira wake. Kijana alimpeleka nyumbani akiwa amemwalika kila aliyewahi kukaa naye mbele ya kile kioski. Warfa alimwambia ampeleke kondoo machinjioni. Alilisema kwa sauti ya mtu anayeomba, si ya mtu anayeamuru, na watoto huitambua tofauti hiyo hata wakiwa na ndevu.

"Aabe, hata kisu changu kinahitaji kibali cha serikali?"

Vijana wakacheka. Warfa naye akatabasamu, kwa kuwa hakutaka kumharibia mwanawe siku.

Abdihafid alikunja mikono ya shati, akasema Bismillahi, akachinja mwenyewe, akachuna mwenyewe, damu ikimfika kwenye viwiko. Kidole chake kilikuwa na mkwaruzo wa miiba, na hakuna aliyeukumbuka. Alipofungua tumbo, ini lilitoka limelegea, rangi yake ya manjano, likimeguka kama uji uliopoa. Sagal aliliangalia akakunja uso, akasema hilo halipikwi. Warfa alilichota kwa beleshi, akaenda kulifukia nyuma ya nyumba. Alilifukia kwa kina kirefu kuliko ilivyohitajika kwa ini la kondoo.

Nyama ilichemshwa mpaka ikaachana na mifupa, watu wakala, na katika wote walioila hakuna aliyedhurika. Abdihafid alisimama na mfupa mkononi, akawahutubia wenzake kwamba siku ile wasio na kazi wamekula nyama ya mwenye kazi, na kwamba karamu ijayo wao ndio watakaoalika. Ilikuwa jioni ya vicheko. Sagal alisema baadaye kwamba hakuwahi kuona nyumba yake imejaa vile.

Siku chache baadaye Abdihafid aliamka na homa. Wakasema malaria, wakampa dawa za malaria. Kichwa kikamgonga, viungo vikamwuma, akasema kwa mzaha kwamba sasa anajua linavyojisikia lori lililopakiwa mno. Kisha macho yake yakageuka manjano. Asubuhi moja Sagal alikuta mto wake una damu, na damu ile ilikuwa inatoka kwenye ufizi.

Hospitalini walimweka chumba cha peke yake, na waliomhudumia walivaa glavu na kufunika nyuso. Ruweyda alifika, akauliza kuhusu kondoo. Warfa alimweleza kundi lilikotoka na aliyechinja. Ruweyda akaenda kupiga simu, maana lile lori lilikuwa limebeba kondoo wengine ambao mikono mingine ingewachinja. Daktari alisema ini la kijana limeharibika na kwamba hakuna dawa ya kulirudisha. Wataupa mwili nguvu, na mwili ndio utakaopigana.

Mwili ulipigana. Kati ya homa na homa, Abdihafid alipata nafuu ndogo, akamtafuta baba yake kwa macho, mama yake akiwa kando ya kitanda.

"Aabe," alisema, sauti imekuwa nyepesi kama karatasi, "usiwafungie wenzangu. Wana njaa."

Warfa akaitikia kwa kichwa. Kijana akatabasamu, meno yake yana damu, akafumba macho. Ijumaa, watu wakijiandaa kwenda kuswali, akakata roho. Alizikwa jioni ileile. Waliobeba jeneza walikuwa wale wa kioski, wamevaa vile viatu vyao vipya.

Kondoo wa lile lori, waliokuwa wakinenepeshwa kwa mnunuzi Nairobi, walianza kufa kabla hawajafika machinjioni, na amri ikatoka kama radi. Soko lote lilifungwa: mbuzi, kondoo, ng'ombe hata ngamia, walio wagonjwa na walio wazima, wa Ijara na wa Eldas, bila tarehe ya kufunguliwa. Nchi kavu iliadhibiwa pamoja na nchi ya maji. Wauza chai wa sokoni walifunga mabanda. Akina mama wauzao nyama walikaa mbele ya meza tupu wakifukuza nzi kwa mazoea. Wapakiaji wa malori walikaa pamoja na vijana wenye shahada, na madalali wakongwe wakakaa nao, na kivuli cha kioski kikawa hakiwatoshi. Zizi la kungojea lingewachelewesha kondoo wa mtu mmoja. Sasa wilaya nzima ilikuwa inangoja. Kulow, aliyelala na homa yake huko Ijara, alipona.

Siku za taazia zilipokwisha na wageni kupungua, Sagal alikaa mbele ya mumewe. Hakuwa analia. Alikuwa amefika mahali ambapo kilio humwacha mtu.

"Ulijua?" alimwuliza.

Warfa angeweza kusema hakujua, na hapakuwa na shahidi wa kumsuta. "Mkono wa Kulow ulikuwa wa moto," alisema.

Nje, mbuzi wa jirani walilia, kisha wakaacha.

"Nililia mbele yako nikitaka ufungue," Sagal alisema. "Mimi ni mama, Warfa. Kazi yangu ilikuwa kulia. Kazi yako ilikuwa kunikatalia."

Akainuka akaenda zake jikoni. Wakaishi hivyo, katika nyumba moja, kila mmoja akiogopa macho ya mwenzake.

Vijana nao walikuja. Walivua viatu mlangoni, wakaketi kwenye mkeka chini ya ile shahada, na mmoja wao, Bishar, aliyekuwa rafiki wa karibu wa marehemu, akazungumza kwa niaba ya wote. Alisema wamevumilia, na sasa nyumbani kwao kuna watoto wanaolala na chai tupu. Alisema Ruweyda anamheshimu Mzee Warfa na wakubwa wanamsikiliza. Aende akawaombe wafungue, hata upande wa mbuzi peke yake, na wanyama wapite bila kuzuiwa, kama walivyokuwa wakipita.

"Abdihafid mwenyewe alitaka hivyo, adeer," akamalizia. "Wote tumesikia."

Warfa alijua kwamba walisikia, kwa kuwa Sagal ndiye aliyewasimulia. Yalikuwa maneno ya mwisho ya mwanawe, na yeye alikuwa ameyaitikia. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Waliketi kama Abdihafid alivyokuwa akiketi, goti moja juu.

"Sitakwenda," alisema. "Soko halitafunguliwa mpaka Ruweyda aridhike. Nitakwenda kwake siku hiyo, kumwomba asilifunge zaidi ya inavyolazimu, kwa sababu njaa nayo ni ugonjwa. Lakini likifunguliwa, zizi litakuwa na mlango, na bawabu nitakuwa mimi. Na kila mmoja wenu atasimama nyuma ya mzee. Mzee atakayewapunja, nitamtoa."

"Na leo tutakula nini?"

"Sijui, Bishar."

Bishar akajifunika uso kwa mikono yote miwili, na mabega yake yakaanza kupanda na kushuka. Mwenzake mmoja akaanza naye. Sagal, aliyekuwa mlangoni na birika la chai, alimtazama mumewe kuona atakachofanya.

Warfa hakufanya kitu. Hakuinuka, hakulegeza neno, hakuahidi lolote. Aliketi palepale, machozi yakimlowesha ndevu nyeupe, akawaacha vijana wale walie mpaka walipomaliza. Waliponawa nyuso, wakanywa chai na kuondoka, kila mmoja alikwenda kwa miguu yake mwenyewe hadi kwa mama yake. Warfa alibaki sebuleni na chozi lisilo na wa kulifuta, maana mchelea mwana kulia, hulia yeye.